Figo mpya inafanya kazi, bima wamesema nimepona na wamekata malipo. Nakata rufaa vipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja ambaye ni nesi LPN (ngazi iliyo chini ya nesi msajiliwa, RN) kwenye nyumba ya wazee huko Minnesota, nalifupisha: figo zake zilifeli, akaingia dialisisi, mwili ukagoma akaacha kazi, na ile bima ya ulemavu ya muda mrefu aliyokuwa nayo kupitia kazini, hii wengi tunaiita LTD, ikaanza kumlipa asilimia 60 ya mshahara. Baadaye akapandikizwa figo, sasa ina miezi 14. Akiwa mwezi wa 20 wa malipo ikaja barua: kreatinini (kipimo cha damu kinachoonesha figo inavyofanya kazi) 1.3, hakuna dalili ya mwili kuikataa figo, dokta wako mwenyewe ameandika "anaendelea vizuri", kwa hiyo unaweza kurudi kwenye kazi yako na sisi tumesimamisha malipo. Barua ina wiki tano sasa. HR wamemwambia aandike tu karatasi moja kwamba hakubaliani, mume wake anasema waende kortini moja kwa moja. SSDI, yale malipo ya ulemavu ya serikali kutoka Social Security, bado inaingia. Anauliza rufaa inakatwaje na je, kweli ana kesi wakati figo inafanya kazi?

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa figo maana naona kwenye ujumbe wako hakuna hata mmoja aliyekupa hongera. Kesi unayo. Ila sio kesi ya figo, ni kesi ya kazi, na ukilishika hilo vizuri mengine yote yanakaa sawa. Hao jamaa wamejibu swali ambalo halikuulizwa, wamesema figo ni nzima, sawa, nani amebisha? Swali la mkataba wao ni kama wewe, na hizo dawa unazokunywa na kinga yako iliyoshushwa makusudi ili mwili usiitupe hiyo figo, unaweza kufanya kazi ya unesi kwenye nyumba ya wazee shifti nzima, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki bila kukosa kosa.

Naanza na hao HR kwa sababu ushauri wao ndo wa hatari kuliko yote, na sidhani wana nia mbaya, hawajui tu. Usitume karatasi moja ya "sikubaliani". Bima ya kazini Marekani mara nyingi inaangukia kwenye sheria ya mwaka 1974 inaitwa ERISA, na kwa sheria hiyo una siku 180 za kukata rufaa kuanzia siku uliyopokea barua ya kukatwa. Kwa wiki zako tano bado una zaidi ya miezi minne mkononi, ni muda mzuri tu. Sasa ukituma hako kabarua, bima wana haki ya kusema hii ndo rufaa yenyewe, wanaipitia ndani ya siku 45 (wanaweza kujiongezea 45 nyingine wakiwa na sababu maalum), wanakataa, na faili linafungwa likiwa na sentensi zako mbili na maripoti yao kurasa mia tatu.

Na hapo ndo namjibu shemeji. Kortini huendi kwanza, hakimu atakurudisha akuulize rufaa ya ndani, yaani ile ya kwa bima wenyewe, iko wapi. Halafu hiyo korti ya ERISA haifanani na zile za kwenye tivii, hakuna jopo la wananchi la kuwahurumia, kwa kawaida hakuna mashahidi wa kupanda kizimbani, jaji wa mahakama ya shirikisho anakaa na lile faili la bima anasoma kilichomo. Kitu ambacho hukukiweka kwenye faili wakati wa rufaa mara nyingi sana hakitaangaliwa hata kiwe cha kweli kiasi gani. Na kama mkataba wa bima umeipa kampuni mamlaka ya kuamua yenyewe nani mlemavu nani sio, basi jaji anawapa heshima fulani, haulizi kama walikosea, anauliza kama uamuzi wao ulikuwa na msingi wa maana. Hii inatoka kwenye kesi ya Firestone v. Bruch ya 1989 kule Mahakama Kuu ya Marekani. Majimbo kadhaa kama California na Illinois yamepiga marufuku vipengele vya namna hiyo, kwako mwambie wakili aangalie. Kwa ufupi rufaa hii unayoiandika sasa ndo kesi yako yote, korti inakuja kuisoma tu.

Jambo moja la kuhakiki kabla hatujaendelea: nyumba ya wazee unayofanyia ni ya nani? Kama ni ya kanisa au ya kaunti, inawezekana bima yake haiko chini ya ERISA kabisa, na hapo sheria ya jimbo ndo inatumika na mambo mengi yanabadilika, mara nyingi kwa faida yako. Minnesota nyumba nyingi za wazee zina mizizi ya kanisa kwa hiyo usidhanie, uliza. Na kama ni bima uliyojinunulia mwenyewe kwa wakala, bila mwajiri, hiyo nayo sio ERISA. Nitaendelea kama vile ni ERISA.

Kazi ya wiki hii ni barua mbili. Ya kwanza kwa kampuni ya bima: unaomba faili lote la kleimu yako, kila kitu, noti za simu, maripoti ya madokta wao, ripoti ya mtaalamu wa kazi kama walimtumia, video kama walikupiga, imeili zao za ndani kuhusu wewe. Ni haki yako na ni bure, hawaruhusiwi kukuchaji. Ya pili kwa mwajiri: unaomba mkataba wa mpango wenyewe, sio ile broshua ya kurasa nne waliyokupa siku ya kuajiriwa. Tuma kwa posta ya kusainiwa au faksi yenye risiti, na usipige simu kuomba, simu haziachi alama upande wako, upande wao zinaandikwa.

Faili likija usiliogope ukubwa. Tafuta kwanza jina la dokta aliyesema unaweza kufanya kazi, na uangalie ni dokta wa nini. Mara nyingi utakuta ni daktari wa jumla, hajawahi kukuona wala kukugusa, amepewa karatasi akasoma akaandika kurasa tatu. Kwenye rufaa sheria inawabana: anayepitia lazima awe mtu mwingine, asiwe chini ya yule wa kwanza, na kama uamuzi unategemea mambo ya kitabibu lazima wamuulize mtaalamu mwenye ujuzi unaohusika na asiwe yule yule wa mwanzo. Kwa hiyo kwenye rufaa yako andika wazi kwamba unataka faili lipitiwe na mtaalamu wa figo mwenye uzoefu wa waliopandikizwa. Wakimleta tena wa jumla, hiyo inakuwa hoja yako mbele.

Haya, tuje kwenye yale maneno ya "anaendelea vizuri", maana kwa hesabu yangu hayo ndo yaliyokukatia hela, kreatinini ni kisingizio.

Mimi nilianza kazi upande wao, nilikuwa napitia makleimu kabla sijahamia huku, na nakwambia macho ya mtu wa bima yanakimbilia mstari huo kwanza. Dokta wa transplanti anapoandika unaendelea vizuri anamwandikia dokta mwenzake, maana yake ni kwamba figo imeshika, kiwango cha dawa kwenye damu kiko pale anapotaka, hujalazwa tangu safari iliyopita. Hajaandika kuhusu kumgeuza mzee wa kilo 90 kitandani. Hajaulizwa hilo! Ana dakika kumi na tano na wewe na nyingi ya hizo anaangalia vipimo vya damu kwenye kompyuta. Na wewe ukiulizwa hali yako unasema "nzuri dokta, namshukuru Mungu", kwa sababu ndo tulivyolelewa, mtu anaweza kuwa anakufa bado anakujibu salama. Hiyo "nzuri" yako inaingia kwenye noti, na siku moja inasomwa na mtu aliyekaa ofisini jimbo lingine anatafuta sababu ya kufunga kleimu.

Kwa hiyo fanya mawili. Kuanzia apointimenti ijayo acha adabu ya salamu, mwambie dokta na mratibu wa transplanti hali ilivyo kwa mifano: mkono ulitetemeka nikamwaga chai, nimeharisha mara sita jana, nililala mchana masaa matatu baada ya kwenda dukani. Vitu hivyo viandikwe. Na hata ujumbe unaotuma kwa kliniki kwenye ile akaunti yako ya mgonjwa ya mtandaoni ni rekodi ya kitabibu, zile za nyuma zichapishe zote, huenda tayari umeshalalamika mara nyingi ukasahau na hakuna aliyezipeleka bima.

La pili, barua ya dokta wa figo. Hapa watu wengi wanaharibu, wanakuja na barua ya mistari miwili, "mgonjwa wangu ni mlemavu, hawezi kufanya kazi". Haina kazi hiyo. Toka kesi ya Black & Decker v. Nord, 2003, bima za ERISA hazilazimiki kumpa dokta wako uzito wa pekee kwa sababu tu ndo anayekutibu, kinachobeba uzito ni sababu alizotoa. Kwa upande mwingine kanuni zilizoanza Aprili 2018 zinawalazimisha bima wakimkataa dokta wako waeleze kwa nini, kwa hiyo barua yenye sababu kumi inawapa kazi ya kujibu kumi, barua yenye sentensi moja wanaijibu kwa sentensi moja.

Mpelekee dokta maswali yaliyoandikwa tayari ili ajaze, usimwache aanze na karatasi nyeupe maana hana muda. Muulize kwanza alimaanisha nini kwa "anaendelea vizuri", na je, alimaanisha unaweza kurudi kazini shifti nzima? Hili swali pekee limewahi kugeuza kesi. Halafu: unaweza kusimama masaa mangapi kwa siku, kunyanyua paundi ngapi na mara ngapi, mikono yako iko vipi kwa kazi ndogo ndogo za vidole, utahitaji kwenda chooni ghafla mara ngapi, kwa makadirio yake utakosa kazi siku ngapi kwa mwezi kwa ajili ya vipimo, homa na kliniki. Na kila jibu aeleze linatokana na nini.

Kwa kazi yako madawa yenyewe yanakupa ushahidi. Takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo, inajulikana kwa kutetemesha mikono, na wewe kazi yako ni kuvuta insulini kwenye sirinji na kupima matone, hebu wakwambie nesi anayetetemeka anapewaje troli la dawa. Mikofenoleti, ya kazi hiyo hiyo, inasumbua tumbo, kuharisha kwake wengi mnakujua. Prednisoni inavuruga usingizi, inapandisha sukari, kwa miaka inakula mifupa, na kisukari kinachokuja baada ya kupandikizwa ni kitu kinachojulikana kabisa. Usiandike orodha ya madhara kutoka kwenye kikaratasi cha dawa lakini, andika yale unayoyapata wewe na yaliyo kwenye rekodi zako. Kama hutetemeki usiseme unatetemeka. Dokta asimamie kile anachokiona na anachoweza kukitetea.

Halafu kuna hili la maambukizi ambalo naona kwenye barua yao hawakuligusa kabisa, wamelipita kama hawajaliona. Kuna kazi ambazo huwezi kuzifanya kwa sababu mwili umekataa, na kuna kazi ambazo mwili ungeweza leo lakini dokta anakukataza kwa sababu zitakudhuru kesho. Zote mbili zinaweza kuhesabika kwenye ulemavu, kulingana na mkataba. Nyumba ya wazee ni mahali ambapo mafua, kovidi, norovirusi na ile ya kuharisha ya C. diff zinazunguka chumba hadi chumba, na wewe unavaa glavu unasafisha. Kwa mtu aliyeshushiwa kinga maisha yake yote homa ya kawaida inaweza kumlaza na ikitokea wakapunguza dawa za kinga ili apigane na maambukizi, basi figo inakuwa hatarini. Kama umepata CMV au BK, virusi vinavyowasumbua walioshushiwa kinga, tangu upandikizwe, au umelazwa hata mara moja, tarehe zote ziwekwe. Dokta aandike kwa maneno yake: kwa muda huu asifanye kazi ya kugusana na wagonjwa, na sababu ni hizi. Asiandike tu "awe makini".

Sasa upande wa kazi. Angalia mkataba unaielezaje "kazi yako". Bima wanapenda kusema hawaangalii kazi unayofanya pale kwa mwajiri wako, wanaangalia kazi hiyo inavyofanyika kwa kawaida nchi nzima, na hapo wanaleta mtaalamu wa kazi anayesema manesi wengine wanakaa kwenye simu wanawashauri wagonjwa, kwa hiyo nawe unaweza. Kuna kitabu cha serikali cha kuainisha kazi, cha zamani sana toleo la mwisho ni la 1991, lakini bima na Social Security bado wanakitumia, na ndani yake LPN amewekwa kundi la kazi ya uzito wa kati, yaani kunyanyua hadi paundi 50 mara moja moja na hadi 25 mara kwa mara. Kitabu kizee kinakusaidia hapa, kitumie. Juu yake weka maelezo rasmi ya kazi kutoka kwa mwajiri, ratiba za shifti, na barua ya nesi mwenzako au msimamizi anayeeleza usiku mmoja ulikuwa unakwendaje, wazee wangapi, nani anasaidia kunyanyua, mapumziko yanapatikana au yameandikwa tu ukutani.

Na kuna mtego wa miezi 24. Mikataba mingi ya LTD inakulipa miaka miwili ya kwanza kama huwezi kazi yako, baada ya hapo kipimo kinabadilika, lazima usiweze kazi yoyote inayoendana na elimu, uzoefu na mara nyingi kiwango fulani cha kipato. Wewe uko mwezi wa 20. Yaani ukishinda kesho kwa hoja ya kwamba huwezi kunyanyua wazee peke yake, watakulipa miezi minne halafu barua nyingine inakuja, safari hii wanasema sawa huwezi unesi lakini unaweza kukaa kwenye dawati. Ndo maana maswali ya dokta lazima yaguse na kazi ya kukaa: kukosa siku nyingi kwa mwezi, kukimbia chooni, uchovu unaokulaza mchana, kusahau sahau, mikono kwenye kibodi. Hivi ndo vinavyoangusha hata kazi ya ofisini. Andika rufaa moja inayojibu vipimo vyote viwili.

SSDI yako ni silaha lakini ina makali pande mbili. Kwa Social Security, aliyepandikizwa figo anahesabika mlemavu kwa mwaka mmoja tangu upasuaji bila maswali mengi, ini na moyo vivyo hivyo mwaka mmoja, mapafu miaka mitatu. Bima watakuja na hoja hiyo hiyo, kwamba walikupa kwa sababu ya kipengele cha mwaka mmoja na mwaka umeisha, kwa hiyo haina maana. Jibu lako lina sehemu mbili. Wewe uliingia SSDI kabla ya figo, kwa dialisisi, na bado wanakulipa miezi 14 baadaye. Na baada ya ule mwaka Social Security wenyewe hawasemi amepona, wanasema tuangalie kilichobaki: madhara ya dawa, mwili kuikataa figo, maambukizi, mishipa ya fahamu, viungo vingine. Chukua orodha hiyo iwe ndo mpangilio wa barua ya dokta wako, ni ya serikali na imenyooka. Ambatisha barua ya kukubaliwa SSDI, maana kanuni za 2018 zinawataka bima waeleze pia kwa nini wanapingana na Social Security. Na kumbuka ni wao waliokulazimisha kuomba SSDI, halafu wakachukua ile hela ya nyuma yote kama deni. Ilikuwa na maana siku ile ya kuichukua, leo haina?

Maelezo yako mwenyewe na ya familia pia yanaingia. Andika siku yako ya kawaida kuanzia kuamka, dawa za asubuhi na za jioni masaa 12 mbali, unachoweza na unachoshindwa, siku mbaya na siku nzuri, usiifanye kila siku iwe mbaya hakuna atakayeamini. Mume aandike anachokiona yeye. Kama mama yuko hapo nyumbani na Kiingereza hakipandi, aandike kwa Kiswahili kwa mkono wake, mtu mwingine atafsiri na asaini kwamba ametafsiri kwa uaminifu, vyote viwili viingie.

Halafu Facebook, TikTok na status za WhatsApp. Bima wanaajiri wapelelezi, wanapaki gari nje ya nyumba, wanapitia mitandao, ni halali na ni kawaida kabisa. Picha ya wewe kwenye harusi ya mdogo wako umevaa kitenge unacheka haioneshi kwamba ulikaa kwenye kiti nusu saa na siku mbili zilizofuata hukutoka kitandani. Sikwambii ufute kitu, kufuta sasa hivi kunaonekana vibaya zaidi, nakwambia acha kupost na waambie ndugu wasikutagi. Kama walishakupiga video utaiona kwenye faili, na kwenye maelezo yako ueleze siku hiyo ilikuwaje.

Kuhusu msongo wa mawazo: unao, nani asingekuwa nao, na utibiwe. Lakini usikubali uwe ndo kichwa cha habari cha rufaa. Mikataba mingi inaweka kikomo cha miezi 24 kwa ulemavu unaotokana na akili au hisia, na bima wakipata nafasi watakuhamishia huko halafu waseme muda umeisha, wewe tayari uko 20.

Kuna watakaokwambia ufanye kile kipimo cha uwezo wa kazi kwa mtaalamu wa viungo, unanyanyua, unatembea, unapimwa masaa kadhaa. Kinaweza kusaidia sana hasa kikifanywa siku mbili mfululizo ili ionekane siku ya pili mwili unavyoanguka. Ila kina gharama, na kikitoka vibaya nacho kinaweza kuishia kwenye faili, kwa hiyo usikifanye kabla dokta wa figo hajakubali ni salama na kabla hujaongea na wakili.

Wakili ndiyo, na sio yeyote. Yule aliyekusaidia SSDI anaweza kuwa mzuri sana na asijue ERISA, ni dunia mbili tofauti. Tafuta anayefanya kesi za LTD za ERISA kila siku, wengi mazungumzo ya kwanza ni bure na wanachukua asilimia ya kile utakachopata, soma vizuri kama ni ya hela ya nyuma tu au na ya mbele pia. Piga hesabu kwanza. Chukua mfano mshahara ulikuwa dola 5,000 kwa mwezi, asilimia 60 ni 3,000, wanatoa SSDI tuseme 1,900, inabaki 1,100 kwa mwezi. Ukiwa na miaka 41 na mkataba unalipa hadi 67 hiyo ni hela nyingi, wakili analipa. Ukiwa na miaka 64 na inabaki dola mia, pengine unaandika rufaa mwenyewe kwa uangalifu na kuachia hapo. Mpigie mapema, wiki hii au ijayo, wakili anayeletewa faili siku ya 170 atakukataa au atakimbizana na saa.

Na niseme lingine ambalo mawakili hawapendi kulisema mapema. Watu wengi waliopandikizwa figo wanarudi kazini, na huenda na wewe baada ya muda ukaweza nusu siku kwenye kazi isiyo ya wagonjwa. Angalia mkataba kama una malipo ya ulemavu wa sehemu, mingi inayo, unafanya kazi masaa machache bima inajazia pengo. Kama hiyo ndo hali yako halisi basi iseme hivyo kwenye rufaa. Mtu anayesema "naweza masaa manne kwenye kiti siku nzuri" anaaminika kuliko anayesema hawezi chochote huku anaendesha gari kupeleka watoto shule.

Ukishakusanya, tuma yote kwa pamoja, na kurasa zipewe namba, angalau wiki tatu kabla ya siku ya 180, njia mbili, posta na faksi. Usitume vipande vipande. Wakipata ripoti mpya ya dokta wao wakati wa rufaa, hawaruhusiwi kukukatalia kwa ripoti hiyo bila kukuonesha kwanza na kukupa nafasi ya kujibu, hii nayo ni ya kanuni za 2018. Watakupa siku chache tu, kwa hiyo mwambie dokta wako mapema kwamba utamhitaji tena, na mjibu ripoti hiyo nukta kwa nukta, kwa sababu mara nyingi ndo karatasi ya mwisho jaji atakayoisoma. Wakikuita ukapimwe na dokta waliyemchagua, nenda, mkataba kwa kawaida unakulazimisha, nenda na mtu na uandike alikaa na wewe muda gani.

Wakikataa tena, barua lazima iseme tarehe ya mwisho ya kwenda mahakamani. Usidhanie una miaka mingi, mkataba wenyewe unaweza kuweka muda mfupi na Mahakama Kuu ilikubali hivyo kwenye kesi ya Heimeshoff mwaka 2013, hata muda ule unaanza kuhesabiwa kabla hujamaliza rufaa. Hapo sasa shemeji anapata korti yake.

Mwisho, macho yako kwenye sanduku la barua kwa ajili ya Social Security, maana ule mwaka wa figo umepita na kuna siku watakupitia upya. Wakisema umepona, rufaa ni siku 60, lakini ukitaka hela iendelee kuingia wakati wanaamua lazima uombe hilo ndani ya siku 10 za kupokea barua, na wanahesabu umeipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Ukishindwa mwisho wa yote wanaweza kudai hela hiyo, ujue. Na Medicare, ile bima ya afya ya serikali, kama umeipata kwa ajili ya figo tu, inaisha miezi 36 baada ya kupandikizwa. SSDI ikiendelea utabaki nayo kwa njia ya ulemavu. Ikikatika na huna bima nyingine ya afya, tangu Januari 2023 kuna sehemu maalum ya Medicare, Part B-ID, inayolipia dawa za kuzuia mwili kuikataa figo. Inalipia hizo dawa tu, hailipi kliniki wala vipimo, na lazima uiombe mwenyewe, haiji yenyewe.